Namba tasa na viti vinne vya treni

Chuoni kanuni za mwanahisabati Sylow, za makundi madogo yaliyomo ndani ya kundi kubwa, nilizikariri. Nikafaulu mtihani, sikuelewa kitu. Nimekuja kuzielewa juzi, natoka Kigoma kwenda Tabora, viti viwili vinatazama viwili: mimi, mama mmoja na ndoo yake ya mawese, na wanawe wawili wasiotulia. Huyu anataka dirishani, yule anataka kwa mama. Tukawa kazi yetu kuhamishana.

Watu wanne kuhamishana viti kuna namna 24, ukihesabu na ile ya kila mtu kubaki alipo. Ni kundi: fanya moja, fuatisha nyingine, hutoki nje ya hizo 24. Sasa 24 ni 8 mara 3; 8 ni 2 × 2 × 2, yaani kipeo cha namba tasa 2, na 3 yenyewe ni tasa. Sylow anasema ndani yake lazima mwe na kundi la 8, na kundi la 3. La 3 jepesi: mama abaki, sisi watatu tuzunguke. Anayebaki anaweza kuwa yeyote, basi yako 4.

La 8 ndilo lililonipoozea chai. Tugawe jozi mbili, mimi na mama, watoto wao kwa wao. Ndani ya jozi mpishane mpendavyo, au jozi nzima zibadilishane upande: 2 × 2 × 2. Na wanne hugawika jozi mbili kwa njia 3 tu. Makundi 3!

“Mwalimu, unahesabu nini?” mama akauliza. Nikasema viti.

Kwa nini chuoni tulianzia kwenye uthibitisho? Ningehesabishwa viti kwanza, ningeona pia kwamba si kila kigawanyo kina kundi lake. Chukua nusu ya zile 24, zinazopatikana kwa kupishanisha wawiliwawili mara shufwa. Ni 12, na humo kundi la 6 halimo. Vipeo vya namba tasa ndivyo visivyokosa; tasa kwa jina tu, kuzaa zinazaa.

Sylow mwenyewe alikuwa mwalimu wa sekondari huko Norwei, miaka 40, na kanuni zake alizichapisha 1872 akiwa bado anashika chaki. Wenzangu wanaosema hesabu za chuo hazituhusu sisi wa sekondari, sijui wanamweka wapi.

Kaliua akapanda mzee, akakalia begi lake katikati yetu. Watano: namna 120. Makundi ya 5 nilimaliza kuyahesabu Urambo. Yako 6.