Gemu ya kunyata haitaki kigugumizi

Juzi nimemaliza Death of the Outsider kwa mara ya pili na ndo nimegundua kwamba ile mara ya kwanza sikuicheza kabisa, nilikuwa nagombana na laptopu iliyokuwa inagandisha picha tu.

Kwa ambaye haijui, ni mwendelezo wa Dishonored 2, studio ya Arkane waliitoa Septemba 2017. Watu tunaiita DLC, yaani nyongeza, ila inasimama yenyewe, huhitaji kuwa na gemu mama. Misheni tano tu. Unakuwa Billie Lurk, na kama uligusa zile nyongeza mbili za 2013 za Dishonored ya kwanza utamkumbuka, ndo yule msaidizi wa Daud, muuaji wa kukodiwa, aliyemgeuka bosi wake, sasa anamtafuta mzee huyohuyo na akimpata anapewa kazi moja ya mwisho, kumuua Outsider mwenyewe, yule kiumbe kama mungu anayegawa nguvu za uchawi. Kazi ndogo sana hiyo.

Kilichonifanya niipende kuliko Dishonored 2 (najua kuna watu watanuna hapa) ni nguvu zake. Zipo tatu na zinajijaza zenyewe. Kwenye zile za nyuma ulikuwa unahesabu chupa za bluu za kujazia nguvu kama mtu mwenye madeni, unafika mwisho wa gemu umebeba chupa kumi hujazigusa kwa sababu ya ubahili, ila hapa ukitumia unasubiri kidogo inarudi. Halafu wameuondoa ule mfumo wa chaos, wa kupima umeua kiasi gani, kwa hiyo ukiua mtu hakuna anayekuja kukuhukumu mwishoni na panya hawaongezeki mjini. Na mikataba ya pembeni unayookota soko la magendo, kuna mmoja unatakiwa kumuua jamaa anayeigiza bila kusema neno, ila kifo chake kisionekane ni mauaji, nilikaa na huyo bubu zaidi ya nusu saa.

Sasa nguvu yenyewe ninayotaka kuiongelea ni Displace. Unaweka alama mahali, kwenye ukingo au juu ya kabati, halafu unaendelea na mambo yako, ukibonyeza tena unahamia pale papo hapo, ilimradi alama iwe mbele ya macho yako. Yaani ni nguvu ya mtu anayejua muda. Unaweka mlango wa kutokea kwanza ndo unaingia kuiba.

Misheni ya tatu ni ya kuvamia benki. Niko juu ya kabati, alama nimeiweka kwenye ukingo upande wa pili, chini wanapita walinzi wawili, mmoja anaelekea mlangoni mwingine ananipa mgongo. Nimeruka, nimemchomolea mtu ufunguo kiunoni, nageuka ili nibonyeze nihame, picha ikaganda. Haikuganda sana, kama kupepesa jicho hivi, lakini iliporudi yule wa mlangoni ameshageuka na mimi nilibonyeza wakati picha imelala kwa hiyo Billie katua sakafuni katikati yao. Nimeshikwa ugoni. F9 (kitufe cha kurudi nilipohifadhi gemu), rudia. Nikarudia mara nne, mara tatu kati ya hizo tatizo ni lilelile la kuganda, ile ya nne nakubali lilikuwa kosa langu.

Na kilichoniuma ni kwamba kaunta ya fremu (picha ngapi zinapita kwa sekunde) pale kwenye kona ilikuwa inasoma 58, 60, 59, fresh kabisa. Ukiniuliza siku hiyo ningekwambia gemu inakimbia vizuri ila ina laana.

Hapa ndo penyewe sasa. Kaunta inakupa wastani, na wastani ni muongo mstaarabu. Piga hesabu hii: sekunde moja ina milisekunde 1000. Ukipata fremu 59 zilizochukua milisekunde 15 kila moja, halafu moja tu ikachukua 115, jumla ni 1000 kamili na kaunta itakuandikia 60 bila aibu. Ila ile moja ya 115 imekula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ndo hapohapo mlinzi amegeuza shingo. Kwenye gemu ya mbio utaisikia kama kero, kwenye gemu ya kujenga miji hutaijua hata, lakini kwenye gemu ya kunyata ambako kila kitu ni kuvizia nafasi ndogo kati ya mgongo na uso, hiyo fremu moja ndo kila kitu.

Nikawasha RivaTuner, programu ya kupima fremu, nione mchoro wa muda wa fremu badala ya namba. Aisee. Mstari uliotakiwa kulala kama maji mtungini ulikuwa na miiba kila nikivuka mlango au nikigeuka ghafla kwenye ile mitaa ya Karnaca, mji wa ndani ya gemu.

Kila mtu hapo anakimbilia kulaumu injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, na sababu wanayo, Dishonored ya kwanza ilikuwa kwenye Unreal Engine 3 na iliteleza hata kwenye mashine za kawaida, ya pili wakahamia injini yao ya Void iliyotokana na injini nyingine, id Tech, na ilipotoka Novemba 2016 wachezaji wa PC walipiga kelele sana kuhusu fremu mpaka viraka vikafuatana. Death of the Outsider imekaa kwenye injini hiyohiyo. Kwa hiyo na mimi nilikuja na hukumu tayari mfukoni.

Kumbe mchawi ni mimi. SSD yangu, ile diski ya kasi, ilijaa, gemu nikaihamishia kwenye diski ya zamani ya kuzunguka nikasahau. Nikafungua Task Manager kwenye skrini ya pili huku nacheza: kila mwiba unapotokea, diski iko 100% na kadi ya picha imeshuka inasubiri kama mtu aliyeko foleni. Juu ya hapo nina RAM 8GB kijiti kimoja, na Dishonored 2 yenyewe 8GB ndo kima cha chini walichoandika, wanapendekeza 16GB, na mimi nyuma nimeacha brauza na tabo zaidi ya ishirini. Sasa hapo injini imekosa nini?

Nikafuta vitu, nikairudisha gemu SSD, nikaongeza kijiti cha pili cha RAM ili zifanye kazi sambamba. Miiba ikapungua zaidi ya nusu hapohapo kabla sijagusa setingi hata moja. Vivuli nikashusha katikati, resolusheni ya ndani nikapunguza kidogo, tekscha (picha zinazovishwa kuta na vitu) nikaziacha juu kwa sababu kama VRAM, kumbukumbu ya kadi ya picha, inatosha hazikuli fremu, watu wengi wanakimbilia kuzishusha hizo kwanza halafu wanabaki na kuta kama uji na mwendo ni uleule.

Halafu nikafanya kitu ambacho rafiki zangu wamenicheka, nikafunga fremu zisizidi 40 kwa sekunde. Kioo changu ni cha 120Hz, yaani kinachora upya mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inakaa mizunguko mitatu kamili, milisekunde 25, haipungui haizidi. Ukiwa na kioo cha 60Hz usiige, 40 haigawanyiki vizuri pale utaona picha inachechemea. Ila kwangu mimi 40 iliyotulia naichukua asubuhi na mapema kuliko 60 inayorukaruka. Mtu wa mashindano ya kulenga shabaha atabisha, na kwake yuko sawa.

Nikaanza upya. Cha kushangaza zaidi ni Foresight, ile nguvu ya kusimamisha muda na kutoka mwilini ukazunguke kuweka alama walinzi. Mara ya kwanza nilikuwa naitumia kila baada ya hatua mbili na nilijisifu kwamba mimi ni mchezaji makini. Mara ya pili nimeitumia kwa nadra, nikagundua kumbe nilikuwa naipenda kwa sababu muda ukisimama kuganda hakuna madhara. Laptopu mbovu ilikuwa imenichagulia staili ya kucheza bila mimi kujua.

Misheni ya nne bado naona wametuuzia kiporo, ni lile jengo la Royal Conservatory la Dishonored 2 limepangwa upya, na hakuna SSD itakayotibu hilo.

Benki lakini, benki nimeirudia mara tatu. Ile ya mwisho nimeshuka mpaka kwenye hazina na nimetoka bila mtu kuniona, na yule mlinzi wa mlangoni aligeuka saa ileile aliyogeuka siku zote, akakuta ufunguo haupo kiunoni kwa mwenzake na mimi niko juu ukingoni namwangalia.