Gari za kizamani si salama, tumezizoea tu

Assalaam alaykum. Kuna mwandishi kaandika kuwa gari za umeme ni mabomu, bora zetu za petroli za zamani. Hapo simuungi mkono.

Marehemu ami yangu pale Bububu, Unguja, alikuwa na gari ya miaka ya 1960, akiipenda kama mtoto. Siku moja mpira wa petroli ulipasuka, mafuta yakadondokea ekzosi ya moto. Kufumba na kufumbua boneti yote inawaka! Tuliuzima kwa mchanga wa jirani aliyekuwa anajenga. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse jua letu la Februari. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na cheche. Na cheche hazikosi: nyaya zimeliwa na chumvi ya bahari, fyuzi chache, nyengine fundi kaziunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Umeme nao una yake, sikatai. Mwaka 2021 gari za umeme za Chevrolet Bolt zote ziliitwa zirudi kwa mtengenezaji kwa kasoro ya betri. Lakini Ford Pinto za petroli nazo ziliitwa 1978, kwa ajili ya tangi lililoweza kuvuja na kuwaka gari ikigongwa kwa nyuma.

Tabu ya betri ni kuzima: seli (vijibetri vilivyomo ndani yake) moja huichoma ya pili, hutaka maji mengi mno, na moto waweza kufufuka baada ya saa kadhaa. Sasa zimamoto wetu, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, maji hayo watayapitisha wapi?