Foleni imepungua, saa za kazi hazijapungua

Nimesoma habari ya wafanyakazi wa benki wanaohofia mashine kuchukua kazi zao huku wakikosa muda na familia zao, nayo imenigusa. Mimi ni keshia hapa Dar es Salaam. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, na baadaye mawakala wa benki kujaa hadi mitaani kwetu, watu wa kuweka na kutoa wamepungua sana dirishani.

Kinachoniuma ni kwamba nafuu hiyo haijatufikia sisi. Mlango unafungwa saa kumi jioni, lakini droo ikipungua elfu ishirini tu, unarudia bunda moja moja na stakabadhi moja moja mpaka kasoro ionekane, la sivyo uilipe mwenyewe. Ukitoka hapo unaulizwa malengo: umefungua akaunti ngapi, umeuza bima ngapi? Watoto nawakuta wamelala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Nani anaziandika hizo saa zetu? Chama cha wafanyakazi, TUICO, kifuatilie hili tawi kwa tawi, tafadhali. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana nasi mara tu anapofikiria kupunguza watu. Basi mfumo mpya unapoletwa tuambiwe nani atafundishwa kazi nyingine na nani ataondoka, tusibaki kuokota tetesi kwenye korido.