Dawa ya wiki mbili kwa ugonjwa wa maisha

Koko, bibi mmoja mzee, alifungua kifundo cha kitenge chake akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe zimelainika kwa jasho. Ilikuwa kadi tuliyompa sisi wenyewe wiki tano nyuma, siku timu ya kanisa letu ilipokwenda kutibu bure katika Bulengo, kambi ya watu waliokimbia vita, magharibi ya mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Mwandiko ulikuwa wangu: presha 190 kwa 110, amlodipini, dawa ya presha, miligramu 5, kidonge kimoja kila siku, siku 14. Chini yake nilikuwa nimeandika "arudi kupimwa". Arudi wapi, kwa nani, siku gani, sikuandika.

"Docta," akaniambia, maana huku kwetu kila anayevaa koti jeupe ni docta, hata muuguzi kama mimi, "nilikuwa ninaikata nusu-nusu ili isikwishe haraka."

Nilipomfunga kile kitambaa cha mashine mkononi, presha ilikuwa imepita 200. Bibi wa watu alikuwa amehesabu vidonge kama mtu anayehesabu chumvi ya mwisho jikoni, akingoja turubai letu lirudi. Sisi hatukuwa na mpango wa kurudi. Tulirudi wiki ile kwa sababu tu kulikuwa na dawa zilizobaki.

Tangu siku hiyo nina neno moja kwa makanisa yetu, na ninalisema nikiwa muumini, nikiwa mmoja wa wanaobeba masanduku ya dawa: tuache kuhesabu watu waliopita mezani kwetu, tuanze kuhesabu waliorudi.

Najua jinsi ripoti zetu zinavyosomwa Jumapili. "Ndugu, jana tumehudumia wagonjwa mia sita." Kanisa zima linapiga makofi, na mimi nimepiga pia. Kwa malaria hesabu hiyo ina maana. Mtoto akipimwa, akapewa dawa ya siku tatu na mama akaelezwa vizuri, mara nyingi kazi imekwisha. Minyoo, upele, jicho jekundu, vivyo hivyo. Lakini kambini tulikuta presha, kisukari, kifafa, pumu, kifua kikuu kilichokatizwa njiani wakati watu wanakimbia Rutshuru mwaka 2022, au Sake Februari 2024. Magonjwa hayo hayajui habari ya Jumamosi. Mwenye kifafa ukimpa dawa ya wiki mbili kisha ukamwacha, ikikatika ghafla anaweza kuanguka mara nyingi kuliko kabla hujamgusa, na huko alikokuwa akilala moto wa kupikia ulikuwa hatua moja kutoka kitandani. Mkono wa kijana mmoja ulioungua hadi kwenye kiwiko ndio uliouleta ugonjwa wake kwetu.

Tena tusijidanganye kwamba kanisa ni mgeni katika tiba, kwamba uwezo wetu unaishia kwenye turubai na spika. Katika Kongo hii sehemu kubwa ya hospitali na zahanati zimesimama kwa mikono ya makanisa. Mwaka 1981, Kanisa la Kristo lilipoanzisha mradi wa SANRU wa afya vijijini, ndipo zoni nyingi za afya, yaani maeneo yaliyogawanywa kwa huduma za tiba, zilipopata miguu ya kutembelea. Hapa Goma tuna hospitali za CBCA, kanisa la Kibatisti, yaani Virunga na Ndosho, na Ndosho imepokea majeruhi wa vita hii ya waasi wa M23 hadi vitanda vikapangwa nje. Tuna hospitali ya HEAL Africa ya daktari Jo Lusi na marehemu mkewe Lyn, ambayo lava ya Nyiragongo iliiangamiza Januari 2002 nao wakaijenga upya. Bukavu kuna Panzi, hospitali ya Wapentekoste iliyoanza 1999.

Daktari Mukwege wa Panzi amesimulia mara nyingi jinsi, akiwa mtoto, alivyomfuata baba yake mchungaji kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Walipotoka akamwuliza baba kwa nini hakumpa yule mtoto dawa. Baba akamjibu kwamba yeye huomba, kutoa dawa ni kazi ya daktari. Mtoto yule akaamua awe mtu wa dawa, baba aendelee na maombi. Mimi kisa hicho nimekibeba kwa miaka. Ndani yake sala na dawa hazigombani, na hakuna inayolipia nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kufanya kazi na timu moja, sitaitaja, ambayo haikufungua meza ya dawa mpaka mahubiri yaishe. Jua la saa nne, mawe meusi ya volkeno yanachoma hata ndani ya kandambili, na katika foleni kuna mama amebeba mtoto anayehara. Macho ya mtoto yalikuwa yameshazama. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nikatoka na kikombe cha maji ya chumvi za ORS nikaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko palepale foleni, na ndugu mmoja akanikemea kwamba ninavuruga ibada. Kipindupindu kwetu si hadithi. Kambi zile zilikaa juu ya lava, shimo la choo halichimbiki, vyoo vinainuliwa juu ya mbao, maji yanaletwa kwa lori. Mtoto wa namna ile saa moja kwake ni nyingi. Mwenye kutaka kuombewa aombewe, nami nitasema amina. Lakini awe ameshapata dawa yake mkononi, na asiyetaka, awe Mwislamu au yeyote, aondoke na kifurushi kilekile na tabasamu lilelile.

Jambo jingine linaloniuma zaidi ni spika. Tunapofika kambini tunatangaza kwa sauti, kwaya inaimba, watu wanakusanyika, na meza ya muuguzi iko mbele ya macho ya wote. Sasa mfikirie mwanamke aliyekwenda kutafuta kuni upande wa mbuga ya Virunga akakutana na wenye silaha. Anasimama mbele yangu, nyuma yake kuna shemeji, jirani na mzee wa kanisa. Ataniambia nini? Ataniambia kichwa kinauma. Nitampa parasetamo, naye ataondoka. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na saa hizo zinakwisha akiwa na parasetamo yangu kwenye mfuko wa gauni.

Siku moja mwanamke wa namna hiyo alirudi peke yake tulipokuwa tunafunga masanduku, akajifanya amesahau kadi. Nikamwambia, "Mama, njoo unisaidie kukunja hili turubai." Tukalikunja polepole sana, huku na huku, tukikutana katikati kila mara pembe zinapogusana, na katika kukunja huko akaniambia. Ilikuwa siku ya pili. Tulimpeleka hospitali jioni ileile kwa pikipiki, mimi na dada mmoja wa kwaya. Tangu hapo nimekataa kutoka na timu isiyo na chumba cha pembeni chenye pazia na mwanamke wa kukaa ndani yake. Kitu cha kugharimu misumari minne na kitenge kuukuu.

Najua jibu la wachungaji wetu, maana nimelisikia: fedha hazitoshi, tunatoa tulicho nacho. Ni kweli, na simlaumu anayetoa kidogo. Swali langu ni kidogo hicho tunakiwekaje. Dawa za siku moja kwa watu mia sita zinagharimu. Kwa fedha hizo hizo unaweza kuwachukua wagonjwa hamsini wa presha na kifafa na kuwashika mwaka mzima, ukiwaunganisha na zahanati ya kanisa ambayo tayari ina muuguzi, paa na kabati. Amlodipini si dawa ghali. Kinachomshinda mdeplase, mtu aliyekimbia kwao, ni ada ya kufunguliwa kadi hospitali na nauli ya pikipiki ya kufika huko. Toleo la Jumapili moja kwa mwezi likitengwa kwa ada na nauli, turubai letu linageuka kuwa mlango wa hospitali zetu wenyewe. Picha za foleni ndefu zitapungua, nakubali. Wafadhili wanazipenda picha hizo. Mimi ningependa tuwapelekee picha ya daftari lenye jina moja lililoandikwa mara kumi na mbili.

Na lije daftari kweli, kwa sababu kambi haidumu. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari watu wa Bulengo na kambi nyingine wakapewa saa 72 waondoke. Mabashi, yale maturubai yaliyokuwa nyumba, yakafungwa mgongoni. Wengine walirudi vijijini Masisi na Rutshuru, wengine wakalala kwenye makanisa na madarasa ya mjini. Wagonjwa wetu walitawanyika kama mtama uliomwagika. Waliokuwa na kadi inayosema tu "arudi" hawakuwa na pa kurudi. Wachache tuliokuwa tumewaandikia jina la zahanati ya mjini walikuja, mmojammoja, wakiuliza njia, na muuguzi wa pale alipofungua daftari akakuta majina yao.

Koko alikuwa mmoja wao. Alikuja na mjukuu wake, godoro la sponji likiwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Presha ilikuwa 150 kwa 90. Alikuwa anakwenda Masisi kuangalia kama shamba bado lipo, na hakutaka kusikia habari ya kungoja. Tulimhesabia vidonge vya miezi mitatu, vizima, tukamwomba asivikate. Kisha nikamwandikia kadi mpya: jina la kituo cha afya cha parokia iliyo karibu na kijiji chao, siku ya wiki ambayo muuguzi yupo, na tarehe. Akaisogeza kwa mjukuu aisome kwa sauti. Akamwambia arudie ile tarehe. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pembe ya kitenge.