Viti 1,600 na mtoto mmoja

Kazi yangu ni ukalimani, Kiswahili na Kiingereza, katika shule za mji mmoja wa Ohio ambako familia nyingi zimetoka Kongo kupitia kambi za Tanzania na Uganda. Msimu uliopita wa maombi ya vyuo nilikaa kwenye kikao cha watu wanne: mshauri wa wanafunzi, mvulana wa darasa la kumi na mbili, mama yake aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na mimi. Wastani wa alama za mvulana ni 4.0, yaani A tupu, hajawahi kupata B. Orodha yake ilikuwa Harvard, Yale, Princeton, Stanford na MIT, basi. Mshauri akaitazama kwa muda, kisha akasema jambo ambalo mimi nililitafsiri hivi: "Nafasi yako huko ni ndogo sana."

Mama hakumtazama mshauri, alinigeukia mimi. "Anasema mutoto wangu hana akili?"

Kosa lilikuwa langu, au tuseme la neno. Nafasi kwetu ni uwezekano, lakini pia ni kiti, ni pahala, hata wasaa. Mshauri alikuwa anahesabu viti, mama akasikia mwanawe hana pahala. Tangu hapo nimesikia malalamiko hayohayo kwa wazazi wengi, Wakongo, Wakenya, Wasomali: washauri wa shule wanawadharau watoto wetu, wanawapimia njozi kwa kijiko. Wakati mwingine ni kweli, nitafika huko. Lakini mara nyingi anayeonewa kwenye mabishano haya ni mshauri.

Tuchukue Harvard, kwa kuwa ndiyo kila mzazi huitaja. Kwa darasa lililoanza 2024 waliomba watu 54,008, wakakubaliwa 1,937. Ni mmoja kati ya 28. Mzazi akisikia hivyo hujipa moyo haraka: wale 27 ni watoto wa kawaida, wangu si wa kawaida.

Basi sikiliza hii. Ile kesi dhidi ya Harvard iliyoishia Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, iliyopiga marufuku kuangalia rangi ya mwombaji, ilitoa hadharani takwimu ambazo chuo kisingezimwaga kwa hiari yake. Kwa darasa la walioanza 2015, waombaji wa ndani ya Marekani peke yao walikuwa kama 26,000. Kati yao zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama. Wapatao 3,400 walipata alama zote za hisabati kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, na 2,700 alama zote za upande wa lugha. Viti vya mwaka wa kwanza ni takriban 1,600. Yaani chuo kingeweza kujaza darasa mara tano kwa watoto wenye alama kamili, wanne kati ya kila watano wakabaki nje ya geti, na hapo bado hujamhesabu hata mmoja aliyeomba kutoka Nairobi au Seoul. Mvulana wetu na 4.0 yake alikuwa amesimama ndani ya kundi lile la 8,000. Mwalimu wake wa hisabati hawezi kumwambia hivyo, kwa sababu darasani kwake mtoto kama huyo humpata mmoja kwa miaka kadhaa.

Na hata ile hesabu ya mmoja kati ya 28 inadanganya. Ni wastani wa foleni kadhaa zilizochanganywa. Takwimu za kesi hiyohiyo zilionyesha kwamba wanamichezo walioitwa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86, na watoto wa wahitimu kwa karibu theluthi moja. Ukiziondoa foleni hizo fupi, anayesubiri kwenye ile ndefu, bila kocha wala babu aliyesoma pale, ana chini ya wastani unaotangazwa. Mshauri akimwambia mtoto wa foleni ndefu kwamba asilimia ile si yake, anamwambia ukweli ambao tovuti ya chuo haimwambii.

Kuna hesabu nyingine ya vijana wenyewe, na mvulana wetu aliileta siku hiyo kwenye kikaratasi: nikiongeza vyuo vya aina hii vifike 10, kila kimoja kikinipa asilimia 5, basi uwezekano wa kupata angalau kimoja ni asilimia 40. Kwenye kitabu cha hisabati ni sahihi kabisa. Mshauri aliisoma, akatabasamu, akamwuliza insha atakazotuma ni tofauti kumi au ni moja. Ni moja. Barua za walimu? Zilezile mbili. Ukirusha dadu mara kumi, kila mrusho una bahati yake. Hapa ni faili moja linalosomwa na ofisi kumi zinazotafuta vitu vinavyofanana, na kasoro iliyoonekana ofisi ya kwanza inaingia nayo hadi ya kumi. Nilimwona mvulana akikikunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni. Hakukitupa.

Sasa upande wa mama, ambao una uzito wake.

Michelle Obama amesimulia jinsi mshauri wa shule yake Chicago alivyotilia shaka kama yeye ni wa kiwango cha Princeton. Akaomba, akaingia, akahitimu 1985. Nao wachumi Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha mwaka 2013 kwamba walio wengi kati ya watoto wa familia maskini wenye alama za juu hawaombi chuo chochote kati ya vile vinavyochuja sana, na wachache wanaothubutu hukubaliwa kwa kiwango sawa na watoto wa matajiri wenye alama kama zao. Kwa hiyo yako madhara ya kukata tamaa mapema, na yanawaangukia haohao wasiokuwa na mjomba wa kuwaambia jaribu.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo nilipotaka kuvua ukalimani niongee mwenyewe. Vyuo hivi vigumu kuingia ndivyo vya bei nafuu zaidi kwa maskini. Kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, familia ya kawaida yenye kipato chini ya dola 100,000 hailipi chochote Harvard, si ada, si chakula, si malazi. Mtoto anayekula chakula cha bure shuleni anasamehewa pia ada ya maombi. Aidha, watafiti Stacy Dale na Alan Krueger waligundua kwamba kwa wanafunzi wengi kusoma chuo kigumu hakubadilishi sana mshahara wa baadaye, isipokuwa kwa weusi, Walatino na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Mvulana wetu anaingia humo mara mbili. Mshauri hakulitaja hata moja kati ya haya. Chama cha washauri wa shule wa nchi hii kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, hali halisi kwa wastani ni zaidi ya 350, na kikao chetu kilipangiwa dakika ishirini.

Hata hivyo nikiziweka hoja hizi pamoja, hakuna hata moja inayosema orodha ya vyuo vitano, vyote vya aina moja, ni orodha nzuri. Zinasema mtoto aombe huko juu. Mshauri naye hakumkataza. Alichokuwa anapigania ni zile safu mbili zilizokuwa tupu chini ya karatasi: vyuo vinavyolingana na mtoto, na vile vya uhakika. Mtoto wa daktari akikosa vyote vitano mwezi wa tatu, babake atalipia chuo kingine. Huyu wetu akikosa, anarudi kwenye zamu za mamake.

Mshauri alitaja chuo kikuu cha jimbo, kisha akataja Berea, Kentucky. Chuo hicho hakijatoza ada ya masomo tangu 1892, kinachukua hasa watoto wa familia zisizo na kitu, na kila mwanafunzi hufanya kazi pale chuoni. Safari hii sikusema nafasi. Nilimwambia mama: kule kwa kwanza viti ni vichache, watoto wenye akili kama huyu wako ni wengi kuliko viti. Huku kuna kiti anachoweza kukifikia, na hakiuzwi.

Alikaa kimya akisugua macho. Kisha akauliza barua za wale wa kwanza huja lini. Mwisho wa Machi, mshauri akasema.

"Sawa, hizo tutangoja," mama akamwambia mwanawe. "Ila hiyo ya Kentucky uandike leo, mbele yangu."