Mlango Usiojaa Maji

Lamu mtu mzima hakimbii. Ukimwona mzee anakimbia Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ama punda wake kakata kamba, ama boti ya Mokowe inaondoka na kitambulisho kakisahau nyumbani. Hata aliyefiwa hutembea. Kwa hiyo siku ile mume wa mpwa wangu alipotuambia barazani, kikombe cha kahawa tungu mkononi, kwamba yeye kila Jumamosi hukimbia milimani kilomita ishirini na hakuna anayemfukuza, tulimsikitikia. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama kijana ameshasomewa.

Leo mimi ndiye ninayesikitikiwa. Nimekaa barazani upande mmoja. Goti la kulia limegoma, la kushoto linafanya kazi kwa masharti. Ngazi za nyumbani nazishuka kinyumenyume kama mtu anayemuaga sultani, na mke wangu yuko chini ananihesabia: "Bado nne. Bado tatu. Hapo hakuna ngazi, hilo ni paka."

Lakini nisimsingizie kijana, kesi niliianza mimi. Mwaka wa harusi yao nilimpakia mashuani kwenda Kiwayu, kusi limechachamaa, na yeye mtu wa Nanyuki, huko chini ya Mlima Kenya, maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ndani ya beseni. Tulipotoka nje ya miamba bahari ikamshika. Alitapika biriani ya harusi, akatapika chai ya jana yake, akaomba ashushwe. Ashushwe wapi? Nami nimeshika usukani, nacheka, nikamwambia: "Tazama mbali, mwanangu, usitazame chini." Mabaharia wangu waliigeuza ile kauli kuwa wimbo. Kijana hakujibu kitu. Miaka minne amenyamaza. Watu wa bara wana subira ya mtu aliyepanda mahindi.

Basi mwaka huu nikapimwa sukari, nikaambiwa nitembee. Kutembea tu! Kwenda Shela na kurudi ni kama kilomita sita, kando ya maji, upepo unakupepea, unasalimiana na watu. Ningepona vizuri. Lakini mke wangu akampigia simu mpwa wangu, mpwa wangu akamwambia mumewe, na jioni ile ile simu ikalia: "Mjomba, njoo Nanyuki tutembee pamoja." Hakusema tunatembea kuelekea wapi. Akaniambia nianze mazoezi, nipande matuta ya mchanga ya Shela kila asubuhi na begi mgongoni. Matuta yale yanatushikia maji matamu ya visima, hiyo ndiyo kazi yake, hayakuwekwa pale yapandwe na wazee. Nilipanda hivyo hivyo. Watoto wakanifuata wakidhani nimepoteza pesa, wakanisaidia kutafuta.

Sasa, Mlima Kenya kilele chake Batian kina mita 5,199. Mimi nimeishi miaka hamsini na minane kwenye mita sifuri, na bamvua likija na nguvu zake, chini ya hapo. Kijana akaniapia hatuendi kileleni. "Mlangoni tu, Mjomba. Tunaingia upande huu, tunatokea upande ule."

Neno mlango ndilo lililonimaliza. Sisi watu wa mashua mlango tunaujua, ni pale penye kupitika. Mkanda, kati ya Manda na bara, unaupita maji yakijaa. Yakiwa yametoka unatia nanga, unachemsha chai, unasinzia, bahari ina adabu zake, itakuja yenyewe. Nikadhani milima nayo ina ustaarabu huo. Kumbe mlango wa mlima ni pengo kati ya mawe na mawe, nalo wameliweka juu, karibu mita 4,600, halijai wala halikupwi, na ukikaa kulingoja unaganda.

Tuliingia kwa lango la Sirimon, ambalo peke yake liko mita 2,650, yaani kabla ya hatua ya kwanza nilikuwa nimeshazidi kila kitu nilichowahi kupanda, mnara wa msikiti na mlingoti wa jahazi vikiwa ndani. Wapagazi walikuwepo, vijana wazuri, wenye nguvu, wanaotafuta kazi. Mkwe wangu akasema tubebe wenyewe, ndiyo raha yake. Raha! Kwetu mfuko wa simenti hubeba punda, na binadamu hufuata nyuma akitoa maelekezo. Nilibeba mfuko wa kulalia, jiko la gesi, sufuria, maharagwe, na halwa nusu kilo niliyoificha chini kabisa, kwa sababu mtu haendi asikokujua bila kitu cha kwao.

Usiku wa kwanza tulilala kambi iitwayo Old Moses, mita 3,300. Nikauliza huyo Mzee Musa yuko wapi nimwamkie. Hayupo. Nikaona ana akili.

Kesho yake kilomita kumi na nne. Sitazisimulia zote, nyingine sizikumbuki na nyingine sitaki. Nakumbuka bonde refu ambalo mkwe wangu kila nikimuuliza kama limekwisha alisema "hapo tu mbele", na nakumbuka mimea yake. Kuna mti kule umevaa koti. Majani yake yakikauka hayadondoki, yanabaki yameushika shina usipigwe na baridi, na usiku ule majani mabichi ya kichwani hujifunga kama ngumi. Mti umezaliwa pale, kijiji chake ni pale, na bado unajifunika. Mimi nimekuja na sweta la mtumba na kikoi.

Tukafika kambi ya Shipton, mita 4,200, kichwa kinanigonga kama fundi wa majahazi amehamia humo. Mkwe akasema ni hewa, imekuwa nyepesi. Nilihisi. Unavuta, inaingia, haina kitu ndani, kama samosa za siku hizi. Magharibi ilipofika nikaenda mtoni kutia udhu. Nikatumbukiza kidole kimoja, kidole kikaniuliza kosa lake. Nikarudi na sufuria nipashe maji jikoni, na hapo nikajifunza jambo jingine: kule maji huchemka kabla hayajapata moto. Yanatokota vizuri kwa macho, lakini ni nyuzi kama 86 tu. Chai haikolei rangi. Maharagwe tuliyatia jikoni tukayasubiri mpaka tukaanza kuyaogopa, mwishowe tukayala vile vile, yanalia mdomoni kama kokoto.

Nikasema basi, na tule halwa. Wapi! Nilikuta kamba ya begi imelegea na pimbi amekaa juu ya jiwe, mnene, anajipangusa midomo. Nilikuwa nasikia watu wakitukanana pimbi, sikujua kwamba ni mnyama mwenye mamlaka. Mkwe akanieleza kuwa wataalamu wanamhesabu katika ukoo wa ndovu. Sina shaka. Halwa nusu kilo.

Saa kumi na moja alfajiri tukaukabili mlango wenyewe. Njia ni changarawe tupu, unapanda hatua mbili, mlima unakurudisha moja. Nikashika mawe. Mawe nayo yalikuwa yamelegea, yanashikika kwa heshima tu. Nikahesabu hatua ishirini napumzika, kisha kumi, kisha nikaacha kuhesabu nikabaki na kupumzika. Karibu na juu dunia ikaanza kuyumba, tumbo likapanda, nikainama nyuma ya jiwe, maharagwe yote yakarudi mazima kama yalivyoingia.

Nikasikia viatu vinakuja taratibu. Mkwe wangu akaniwekea mkono begani kwa adabu zote.

"Tazama mbali, Mjomba," akasema, "usitazame chini."

Miaka minne! Aliiweka ile kauli miaka minne, akaipandisha zaidi ya mita 4,000, akaja kunirudishia.

Mlangoni kwenyewe hamna mlango. Pana upepo, na nafasi ya watu wachache kusimama wakijutia. Nikauliza panaitwaje. Akasema Hausburg Col. Nikauliza Hausburg ndiye nani, maana kuna mtu lazima ashtakiwe.

"Mwaka 1899," akasema, "Mwingereza mmoja, Halford Mackinder, alikuja kuupanda mlima huu. Campbell Hausburg alifuatana naye."

"Alikuwa nani wake?"

Kijana akacheka kwanza.

"Mjomba wa mkewe."

Nikakaa chini. Zaidi ya miaka mia na ishirini, na mjomba bado anaburutwa mahali pale pale! Nikataka kujua kama kileleni alifika. Akaniambia waliofika Batian, tarehe 13 Septemba mwaka ule, ni Mackinder na waongozaji wake wawili, Ollier na Brocherel. Mjomba hakuwemo. Nilimpenda papo hapo. Nikamsomea hesabu mkwe wangu: tumeshapita mlango, mjomba mwenzangu aliishia na jina lake huku chini, basi turudi nyumbani tukanywe chai yenye rangi. Akanionyesha upande wa pili. Kulikuwa na mteremko mpaka kwenye vidimbwi viwili vya maji ya kijani, na mbele ya vidimbwi, wallahi, kulikuwa na kupanda tena.

Nimerudi siku ya nne leo. Mke wangu kafurahi, sukari imeshuka, anawatangazia majirani kama kapanda yeye. Asubuhi nilikuwa nimejikongoja mpaka kichochoro cha nyuma ya ngome, akatokea punda na magunia mawili ya mchanga, anapanda peke yake, mwenyewe yuko nyuma kabisa anaongea na simu. Zamani ningembana ukutani nipite mimi. Nikampisha. Aliposimama kuvuta pumzi nikamwambia avute taratibu, asiwe na haraka. Mwenyewe akafika, akaniuliza: "Nahodha, waongea na nani?"

Simu imelia tena. Sijaipokea. Mke wangu kaipokea huko ndani, na namsikia anasema, "Ndiyo, mwanangu, viatu bado anavyo."