Mshale uliposhuka, nilifurahi

Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, barabara inaanza kupanda Kitonga, na hapo malori hutambaa. Nilikuwa nyuma ya mawili, kiyoyozi kinapuliza, gari langu la mwaka 1998 limebeba watu wanne na mizigo yao. Mshale wa joto ukapanda polepole hadi karibu na H, alama ya moto. Nikazima kiyoyozi. Kona mbili mbele, mshale ukaanza kushuka wenyewe, ukapita katikati, ukaenda kulala kwenye C, alama ya baridi. Nikamshukuru Mungu, nikaongeza mwendo.

Ilula hatukufika. Injini iliishiwa nguvu, ukasikika mlio kama wa kokoto ndani ya debe, ikazima. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alisimama kutusaidia. Nilimwamkia, kisha nikamweleza kwa uhakika kabisa kwamba gari halijachemsha, kwa sababu mshale uko chini. Aliinama, akanionyesha mpira wa chini wa rejeta, tangi linalopoza maji ya injini: umepasuka, na rejeta ni kavu.

"Mdogo wangu," akasema, "maji yakiisha, hiyo sensa inapima nini?"

Gasketi iliungua, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda. Gharama niliilipa ikaisha, lakini swali la yule mzee bado ninalo, na naamini kila anayeendesha gari la zamani anapaswa kuulizwa. Sensa ya joto ni kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye njia ya maji. Maji ya moto yakikizunguka, mshale unapanda. Maji yakitoka, kinabaki kwenye hewa na mvuke, ambavyo havikipashi joto kama maji, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani, simama. Hiyo ni dalili mbaya kuliko kupanda.

Ndiyo maana nasema kukariri picha za dashibodi hakutoshi. Nyuma ya kila taa kuna swichi iliyokaa mahali fulani, na inajua jambo moja tu. Taa haitaji ugonjwa. Inatoa taarifa ya kile ambacho swichi yake imekiona.

Chukua taa nyekundu yenye picha ya birika. Wengi tunaiita taa ya oili, na ikiwaka tunasema oili imepungua, tutaongeza tukifika. Swichi ile haijui kiasi cha oili. Inajua msukumo wake, na kwa magari mengi huwashwa msukumo ukishuka chini ya bar 0.5 (bar ni kipimo cha msukumo), mengine hata 0.2. Injini nzima inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwa na bar mbili na nusu au zaidi. Kwa hiyo taa ikiwaka ukiwa barabarani, chukulia kwamba oili haifiki kwenye beringi, na chuma kinasagana na chuma. Zima injini hapo hapo, hata kama nyumbani ni mita mia tano, halafu ndipo uchomoe kijiti cha oili upime. Ikiwa inametameta kwenye kona tu, mara nyingi oili ni kidogo na pampu inavuta hewa. Ikiwaka gari likiwa la moto na limesimama kwenye foleni, huenda beringi au pampu zimechoka, au swichi yenyewe imekufa. Fundi anayejali atafungua swichi, afunge geji ya msukumo, asome msukumo halisi kabla ya kukuuzia kitu.

Taa ya betri nayo imewanunulisha watu betri wasizozihitaji. Ikiwaka unapoendesha, inasema umeme hauchajiwi: alternata, mashine inayozalisha umeme wa gari, imekufa au mkanda unaoizungusha umekatika. Na kwenye magari mengi ya zamani mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, hivyo ukikatika, dakika chache baadaye utachemsha. Fungua boneti uangalie mkanda kabla ya kuendelea na safari.

Ya breki ni fupi: kama handibreki imeshushwa na taa bado inawaka, mara nyingi mafuta ya breki yamepungua, ama kwa kuvuja, ama kwa sababu pedi zimeisha. O/D OFF, ile ya rangi ya chungwa kwenye gari la otomatiki, kwa kawaida si ugonjwa. Mtu amegusa kitufe cha pembeni ya gia, na gari sasa linakataa gia ya juu, linakunywa mafuta bure njia nzima hadi Morogoro.

Kinachoniuma zaidi ni taa zinazouawa. Gari likienda kuuzwa na cheki injini, taa ya hitilafu za injini, inawaka, kuna mtu atafungua dashibodi na kutoa balbu, au kuibandika utepe mweusi. Mjanja zaidi anaunganisha waya wake na wa taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja, mnunuzi asishtuke. Huu ni wizi, na unaweza kuua mtu pale taa inayofichwa inapokuwa ya breki au ya eabegi. Ukienda kukagua gari, weka swichi ON bila kupiga stata na uhesabu taa zinazowaka. Cheki injini, oili, betri na eabegi kama inayo, zote lazima ziwake. Kisha piga stata uone kila moja inazimika kwa wakati wake. Taa isiyowaka kabisa ikupe hofu kuliko inayowaka.

Langu halikuwa na balbu ya cheki injini, na nililiendesha miaka miwili nikiamini ni zima. Baada ya Kitonga, fundi aliirudisha, na ikawaka bila kuzimika. Hakuhitaji mashine. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi chenye matundu karibu na injini, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON, cheki injini inaanza kukonyeza namba za hitilafu. Kiboksi kama hicho kilikuwepo kwangu. Tulikaa wawili kimya tukihesabu: mara mbili, ikatulia, mara moja. Ishirini na moja, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, bomba la moshi. Ilikuwa ikinimalizia petroli miaka yote miwili, na mimi nikilaumu foleni ya Ubungo.